Simu ya Upepo Ilipokwenda kwa Kampuni: Wasomaji Wauliza

Toleo lililopita tuliandika aya mbili tu kuhusu namna serikali ya kikoloni ilivyoiachia kampuni iliyokuja kuitwa Cable and Wireless huduma za simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya. Aya mbili hazikukata kiu. Barua zimekuja kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Njoro, na nyingi zinazunguka swali moja: serikali ilitoa nini hasa, na ikabaki na nini? Tumechagua saba.

Serikali ilikuwa imefilisika?

*Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wananiuliza kwa nini serikali yenye mitambo yake iipe kampuni. Nami sina jibu la kueleweka.* — Mwalimu wa Historia, Kakamega

Hapana, Mwalimu. Aliyekuwa taabani ni mwenye kebo, yaani waya mnene uliolazwa chini ya bahari. Simu za biashara (hapa "simu" ni ujumbe wa maandishi, yaani telegramu) kutoka kwetu kwenda ng'ambo zilipita humo. Kebo ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifika Zanzibar mwaka 1879, na tawi lake likaingia Mombasa 1890. Waya uliofuata reli uliibeba simu kutoka bara hadi pwani, kebo ikaipokea, ikaipitisha Zanzibar na Aden hadi London. Biashara hiyo iliwalipa wenye kebo vizuri kwa miaka mingi.

Julai 1924 Posta ya Uingereza ilitia saini mkataba na kampuni ya Marconi ijengewe vituo vya masafa mafupi vinavyorusha mwale mmoja upande mmoja. Nyaya ziliangikwa kama pazia kwenye safu ya milingoti yenye urefu wa karibu mita 85, na pazia hilo likayabana mawimbi kama kioo cha tochi kinavyoubana mwanga. Kituo cha masafa marefu kingehitaji umeme wa kuendesha kiwanda kizima ili kufanya kazi hiyohiyo. Njia ya Kanada ilifunguliwa Oktoba 1926, Australia Aprili 1927, Afrika Kusini Julai 1927 na India Septemba 1927. Mkataba ulidai maneno 100 kwa dakika kila upande, kwa wastani wa saa 18 kwa siku njia ya Kanada, 12 India, 11 Afrika Kusini na 7 Australia. Tofauti ya saa hizo imetokana na jua: kadiri njia inavyokatiza mchana na usiku wa dunia, ndivyo muda wa kufaa unavyopungua.

Bei ikashuka. Ndani ya miezi michache kebo zilizoshindana na mwale zilipoteza zaidi ya nusu ya simu zao kwenye njia hizo, na wenye kebo wakaanza kusema afadhali wavunje kampuni mapema, akiba ikiwa bado ipo. Hapo wanajeshi wakashtuka. Kebo iliyolala chini ya bahari ni vigumu kuitegea sikio, lakini mawimbi ya angani husikiwa na yeyote mwenye kipokezi. Kebo zikifa, siri za vita zitapita wapi? Mkutano wa London wa 1928 ukapendekeza kebo na simu ya upepo ziunganishwe chini ya kampuni moja, ili faida ya upepo ibebe hasara ya kebo.

Kampuni ilisajiliwa Aprili 1929 kwa jina la Imperial and International Communications, mtaji pauni milioni 30. Sasa wasomee wanafunzi wako hesabu hii, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Vituo vya mwale vya Posta ya Uingereza havikuuzwa. Vilikodishwa kwa miaka 25, kodi pauni 250,000 kwa mwaka. Mapato halali ya kampuni yakawekwa pauni 1,865,000 kwa mwaka, na kilichozidi hapo kigawanywe nusu kwa nusu kati ya kampuni na punguzo la bei kwa wateja. Hesabu ilionekana nzuri kwenye karatasi. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukaingia mwaka uleule, na mapato hayakufika hapo. Mwaka 1938 serikali ilisamehe kodi, ikampa mpangaji vituo, ikachukua hisa milioni 2.6 za kampuni badala yake.

Simu ya Kisumu kwenda Nairobi ilikuwa ya nani?

*Je, na Kenya kila kitu kilikwenda kwa kampuni? Simu iliyotumwa Posta ya Kisumu kwenda Nairobi au Nakuru, pesa zake zilikwenda wapi?* — Msomaji, Milimani, Kisumu

Zilibaki Posta. Hapa ndipo wengi hukosea: wanasikia "simu ya upepo ilikabidhiwa", wanadhani dirisha la posta lilibadilishwa kibao. Simu za ndani ya nchi, zenye waya na zisizo na waya, zilibaki kazi ya idara ya serikali, ambayo 1933 ikawa idara moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kampuni ilipata mambo mawili: simu za kwenda na kutoka nje, na utangazaji. Hata kule Uingereza Posta ilibaki na simu ya kuzungumza ya kimataifa, ikaachia ile ya maandishi tu.

Tuchukue mfanyabiashara wa ngozi mjini Kisumu anayetaka kumwambia mnunuzi wake London bei ya leo. Anajaza fomu dirishani. Karani anahesabu maneno, na anwani na jina la mtumaji vinahesabiwa pia. Ndiyo maana kampuni kubwa zilisajili anwani ya neno moja. Neno la kawaida halizidi herufi 15. Tarakimu zinahesabiwa tano kwa neno. Mfanyabiashara mjanja ana kitabu cha misimbo ambamo neno moja la ovyo lina maana ya sentensi nzima, tuseme "peleka magunia mia moja kwa meli ijayo". Hadi mwisho wa 1933 neno la msimbo liliruhusiwa herufi 10, kwa hiyo watu walikuwa wakigandisha maneno mawili ya herufi tano na kulipia moja. Kanuni za mkutano wa Madrid wa 1932 zikaufunga mwanya huo kuanzia Januari 1934: neno la msimbo herufi tano, lakini kwa sita ya kumi ya bei ya kawaida. Piga hesabu uone nani aliumia: aliyelipia neno moja la herufi kumi sasa alilipa kumi na mbili ya kumi.

Chini ya fomu mteja aliweza kuandika njia anayoitaka, "Via Imperial" kwa mfano, na maneno hayo hayakulipiwa. Aprili 1938 bei ya juu kati ya nchi za himaya iliwekwa sawa kila mahali: shilingi 1 na peni 3 kwa neno. Kwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyolingana na ya Uingereza, hiyo ni 1.25. Simu ya maneno 12 ilikuwa shilingi 15, na ikikubali kungoja hadi njia itulie, nusu yake, 7.50. Posta ya Kisumu ilikata fungu lake la usafirishaji wa ndani na kuihesabia kampuni iliyobaki.

Kosa lililoumiza ni la herufi moja. Katika lugha ya kawaida, nukta moja ya Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari, ikipotea msomaji anabahatisha na kupatia. Katika msimbo, herufi moja ikigeuka, magunia mia yanakuwa elfu au bei inakuwa ya pamba badala ya ngozi. Mwenye hekima alilipa nyongeza ili simu irudiwe na kulinganishwa kila inapopokelewa.

Makabidhiano hufanywaje, na nini huharibika?

*Ninasomea sheria. Nataka kujua hatua zenyewe: mtu anakabidhi vipi kituo cha redio kwa kampuni?* — Mwanafunzi, Section 58, Nakuru

Anza na leseni, kisha ndiyo uje kwenye milingoti. Milingoti, jenereta na valvu, yaani taa za kioo za redio, huchakaa. Chenye thamani ni haki ya kuwa peke yako kwenye njia fulani. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye mkataba wowote wa namna hii ni: haki ya kufanya nini, nani mwingine amekatazwa, na kwa miaka mingapi? La pili: nani anaidhinisha bei? La tatu: siku ya vita, nani anashika usukani? Katika mpango wa 1928 serikali zilibaki na haki ya kuchukua kebo na vituo wakati wa dharura, na kampuni ililazimika kubaki mikononi mwa Waingereza. Bila vifungu hivyo wanajeshi wasingekubali.

Mali hufuata. Orodha huandikwa kwa kugusa, haiandikwi kwa kunakili rejista: mlingoti na kamba zake za chuma, mtambo wa kurushia, vipokezi, jenereta, chumba cha betri, vipuri, samani. Bei huwa gharama ya kujenga ukitoa uchakavu. Ardhi ni jambo la peke yake, na mara nyingi ni afadhali ikodishwe, kwa sababu kamba za mlingoti hutia nanga mbali sana na mlingoti wenyewe. Mpimaji akipima kiwanja cha jengo tu, nanga mbili zinabaki kwenye shamba la jirani, na jirani huyo ana haki ya kulima.

Wafanyakazi ndio huleta kesi. Mtumishi wa serikali ana pensheni, na akihamia kampuni miaka yake inakatika pasipo makubaliano ya kuunganisha. Njia salama ni kumwazima kwa kipindi maalumu, naye achague mwishoni.

Jina la kituo hewani na masafa havihami. Vinagawiwa nchi kwa nchi kwa makubaliano ya kimataifa, kampuni inaruhusiwa kuvitumia tu. Kituo cha utangazaji cha Nairobi kilijulikana kama VQ7LO kwa sababu herufi VQ zilikuwa za Uingereza. Kenya huru ilipewa fungu lake, 5Y na 5Z, na ukitazama mkia wa ndege iliyosajiliwa hapa utaliona hadi leo.

Kinachoharibika zaidi ni betri. Wiki mbili za mabishano ya orodha, kila upande ukidhani mwenzake anachaji, na betri za risasi na asidi zinaota ukungu mweupe wa salfati kwenye mabamba. Zikifika hapo hazirudi. Ya pili ni fuwele zinazoshika masafa: zikiondolewa kwenye mtambo bila kibandiko, mtu ana kasha la vipande vinavyofanana na hajui kipi ni cha njia gani. Na siku ya kukatiana hesabu ipangwe kwa saa za Greenwich, la sivyo simu zilizopokelewa kati ya usiku wa manane wa hapa na ule wa London zitadaiwa na pande zote mbili.

Redio ya Nairobi kupotea usiku

*Marehemu baba alisema zamani redio ya Nairobi ilisikika safi Nakuru mchana, lakini usiku wa manane inayeyuka, ilhali London inakuja kwa nguvu. Je, kampuni ilizima mitambo ipunguze gharama?* — Mzee, Bahati, Nakuru

Mzee, baba yako alisikia vizuri na kampuni haikuwa na hatia katika hilo. Utangazaji wa Nairobi ulianza 1928 chini ya British East African Broadcasting Company, na 1931 ukaingia kwa kampuni ile ya kebo na upepo, ambayo kuanzia 1934 iliitwa Cable and Wireless. VQ7LO ilirusha kwenye ukanda wa mita 49, kama megahezi 6. Sasa tazama umbali: Nairobi hadi Nakuru ni karibu kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, hadi Kisumu karibu 265.

Mawimbi ya megahezi 6 yanayotambaa ardhini hufa baada ya makumi machache ya kilomita, na ukingo wa Bonde la Ufa hauyasaidii. Yaliyofika Nakuru yalipanda karibu wima, yakagonga tabaka la juu la hewa lililochajiwa na jua, yakarudi chini kama mpira uliorushwa darini. Mchana dari hiyo ni nene. Usiku inapungua, na kwetu karibu na ikweta huchelewa kupungua, ndiyo maana jioni bado redio ilisikika. Ikifika saa nane au tisa za usiku, hasa miaka ambayo jua lina madoa machache, dari inakuwa nyembamba mno kuweza kurudisha wimbi linalopanda wima. Linatoboa na kwenda zake. Linalopanda kwa mshazari bado linarudi, ila linatua mamia ya kilomita mbele. Nakuru na Kisumu zinabaki kwenye uwanja wa ukimya katikati, na mtu wa kusini mwa Tanganyika anasikiliza Nairobi bila shida. London, iliyo mbali zaidi ya kilomita 6,000, inaingia kwa mshazari, kwa hiyo haina neno.

Dawa ni mbili: shuka kwenye masafa ya chini zaidi usiku, kama mita 60 au 90, au jenga kituo karibu na msikilizaji. Kisumu ilipata kituo chake miaka ya 1950, kikitangaza kwa lugha za eneo la ziwa. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kampuni ilihesabu wenye leseni za kusikilizia, na hao walikuwa Wazungu na Wahindi wa mijini na mashambani kwa walowezi. Msikilizaji Mwafrika hakuwamo kwenye hesabu ya mtu. Serikali ndiyo iliyolazimika kuandaa vipindi vyake yenyewe, kwanza wakati wa vita kwa ajili ya habari za askari, kisha 1953 kwa huduma maalumu kwa Waafrika. Mwaka 1959 utangazaji ulitoka kwa kampuni ukaingia Kenya Broadcasting Service, 1961 likawa shirika, 1964 likawa Sauti ya Kenya.

Redio ya babu isiyo na waya wa stima

*Nimerithi redio ya valvu nne, sanduku la mbao, haina waya wa stima, ina plagi mbili za betri. Ilikuwa mali ya kampuni? Naweza kuiwasha kwa betri ya gari?* — Kijana, Bungoma

Ni yako. Kampuni ilimiliki mitambo ya kurushia. Redio ya kusikilizia alinunua mtu dukani na leseni akakata posta.

Betri ya gari, thubutu! Valvu za redio ndogo za betri za baada ya vita zina nyuzi za kupasha moto za volti 1.4. Ukizipa 12 zinamulika mara moja kama taa na kwisha. Plagi moja ni ya nyuzi, volti 1.5, nyingine ni ya volti 90. Ukizibadilishana umeua valvu zote nne kwa mguso mmoja, kwa hiyo kabla ya lolote fuata waya kwa macho hadi kwenye vikalio vya valvu na uweke alama kwa rangi. Kama redio ni ya zamani zaidi, ya kabla ya vita, nyuzi zitakuwa za volti 2 kutoka betri ya asidi. Soma namba kwenye valvu kwanza.

Usiweke betri bado. Fungua mgongo, futa vumbi kwa brashi kavu, pima nyuzi za kila valvu kwa mita ya dijitali. Mita ya zamani ya mshale kwenye kipimo kidogo cha omu inaweza kusukuma mkondo mkubwa kuliko uzi unavyovumilia. Kisha tafuta kapasita ya karatasi iliyopakwa nta, iliyo kati ya anodi ya valvu ya kukuza sauti na gridi ya valvu ya mwisho, kwa kawaida mikrofaradi 0.01. Itoe bila hata kuipima. Weka mpya ya plastiki ya volti 250 au zaidi. Ile kuukuu huvuja; ikivuja, valvu ya mwisho inafyonza mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika inaungua taratibu huku wewe ukifurahia muziki.

Volti 90 utazipata kwa betri kumi ndogo za volti 9 zilizofuatana. Kwa nyuzi, betri moja kubwa ya duara ya volti 1.5. Valvu nne za aina hii hula kama miliampia 250 kwenye nyuzi na karibu 10 upande wa volti 90. Weka balbu ndogo ya miliampia 60 kwenye waya hasi wa volti 90. Pakiwa na hitilafu itaungua yenyewe na kuziokoa valvu. Chomeka volti 1.5 kwanza, kisha 90. Na ingawa ni betri, volti 90 hupiga mtu. Mkono mmoja mfukoni.

Enzi hizo betri kubwa kavu ilidumu takriban saa 300. Ukisikiliza saa mbili kila jioni, hiyo ni miezi mitano. Ndiyo maana redio ilizimwa taarifa ikiisha, hata muziki mtamu ukifuata.

Meli za Kisumu na mlingoti wa Bukoba

*Ni kweli askari waliondoka hapa kwetu kwenda kuvunja simu ya upepo ya Wajerumani?* — Msomaji, Dunga, Kisumu

Kweli. Kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Jenerali J. M. Stewart kilipanda meli za ziwa Kisumu tarehe 20 Juni 1915, kikaushambulia mji wa Bukoba, na kufikia tarehe 23 kituo cha simu ya upepo kilikuwa kimeharibiwa. Katika kikosi alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, akiwa na miaka 63. Mkutano wa 1928 ulipoketi, watu waliokumbuka mambo kama hayo walikuwa mezani, na kile kifungu cha dharura tulichokitaja kwa mwanafunzi wa Nakuru hakikuhitaji kubishaniwa sana.

Niyatafute wapi makaratasi?

*Ninafanya utafiti kuhusu kampuni hii binafsi. Nikitafuta jina lake napata machache na yanachanganya.* — Mtafiti, Njoro

Majina ndiyo yanayokuzungusha. Mwaka 1929 kulikuwa na mama na mtoto: mama, mwenye hisa, aliitwa Cables and Wireless, na "s", mtoto, mwendeshaji, Imperial and International Communications. Mwaka 1934 mtoto akabadilishwa jina kuwa Cable and Wireless, bila "s". Ukitafuta jina la mwisho kwenye faili za 1931 hutapata kitu, na ukiipata "s" jua umeshika mama.

Neno "binafsi" nalo lichunge. Tarehe 1 Januari 1947 serikali ya Uingereza ilichukua hisa zote. Kwa hiyo kampuni iliyokuwa ikirusha matangazo Nairobi miaka ya 1950 ilikuwa mali ya serikali, ya London, na ilibaki hivyo hadi ilipoanza kuuzwa 1981. Upande wetu, simu za nje ziliingia 1964 kwenye kampuni ya ubia ya Afrika Mashariki, Extelcoms, Cable and Wireless ikiwa mshirika. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970. Jumuiya ilipovunjika 1977 Kenya ikawa na kampuni yake, Kenextel, ambayo 1982 ilimezwa na shirika la posta na simu, nalo likagawanywa 1999 na kuzaa Telkom Kenya. Asilimia 51 ya Telkom iliuzwa kwa France Telecom 2007, kwa hiyo mkataba wa kukabidhi ulisomwa tena, safari hii kwa lugha ya intaneti na simu za mkononi.

Anza na gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1899 na ambalo sehemu kubwa inasomeka kwenye mtandao. Leseni na sheria ndogo zilichapishwa humo. Kisha nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uombe mafungu ya PC/NZA na DC/KSM kwa Nyanza na Kisumu, PC/RVP na DC/NKU kwa Bonde la Ufa na Nakuru. Usitafute neno "redio" peke yake. Faili za wilaya huliweka jambo hili chini ya posta, au chini ya habari na propaganda wakati wa vita. Barua kati ya Nairobi na London ziko fungu la CO 533 katika hifadhi ya Uingereza, na makaratasi ya kampuni yenyewe yametunzwa Porthcurno, Cornwall, kebo zilikokuwa zikitua.

Ukirudi nyuma zaidi ya 1 Aprili 1902, Kisumu na Nakuru zilikuwa upande wa Uganda, hivyo habari za waya wa kwanza kando ya reli zitafute kwenye mafungu ya Uganda. Na ukikutana na ratiba za matangazo za kuanzia 1937 hadi katikati ya 1942, kumbuka saa za Nairobi zilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Robo saa inayopungua utadhani ni kosa la mpiga chapa.